Divai na Kitabu Chini ya Paa Moja

Yapo maduka madogo katika miji ya Ulaya ambamo mnunuzi hukuta bidhaa za namna mbili tu: chupa za divai upande mmoja, na vitabu upande wa pili. Habari hii inapotajwa mbele ya walimu wa kwetu, mara huzuka mabishano. Wako wasemao kuwa hapo kitabu kimevunjiwa heshima, kwa sababu kitabu hujenga akili na kileo huibomoa. Wako pia wasemao kuwa mfanyabiashara hana budi kuuza kinachonunuliwa, na kwamba mwenye kulaumu na afungue duka lake aone.

Sisi hatukusudii kuamua hapa kama divai yafaa au haifai. Jambo hilo lina wenyewe, na kila mtu ana dini yake na dhamiri yake. Tunalotaka kuuliza ni swali la historia: ujirani huu wa divai na kitabu ulitoka wapi? Tena, unatufundisha nini sisi walimu, ambao wengi wa wanafunzi wetu humaliza masomo bila kuvuka kizingiti cha duka la vitabu hata mara moja?

Ushahidi wa maneno

Tuanze na maneno, maana mwalimu wa lugha hana zana iliyo karibu naye zaidi. Neno kitabu tumelipata kwa Waarabu, kama tulivyopata karatasi na kalamu. Na haya mawili ya mwisho Waarabu nao waliyapokea kutoka kwa Wayunani. Duka ni dukkan ya Kiarabu. Chapa imetujia kutoka Bara Hindi. Divai ni neno la Kifaransa lililomezwa pamoja na kishirikishi chake, na mvinyo ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Zabibu kwa Waarabu ni tunda lililokaushwa, lakini Kiswahili kimelipanua neno hilo hata likachukua tunda bichi, na kutoka hapo tukapata mzabibu.

Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika ubaoni, "Alinunua kitabu na divai dukani," sentensi hiyo fupi imekwisha kusafiri Uarabuni na Ufaransa kabla ya kufika darasani. Mitambo ya kazi nayo ina ukoo wake. Wafasiri wa Biblia walipohitaji neno la mahali pa kukamulia zabibu, walisema shinikizo. Waingereza wao hutumia neno moja kwa mtambo wa kukamua zabibu, kwa mtambo wa kupiga chapa, na hata kwa magazeti yote kwa jumla. Huenda mtu akadhani kuwa hiyo ni sadfa. Tutaona kuwa si sadfa.

Duka la Roma

Tuingie kwanza katika mji wa Roma, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Warumi waliita chumba cha biashara kilichofunguka barabarani taberna. Palipouzwa divai paliitwa taberna, na palipouzwa vitabu paliitwa taberna vilevile. Kilichotofautisha ni neno la sifa lililoongezwa mwishoni. Vyumba hivyo vilifanana kwa umbo. Kila kimoja kilikuwa na mlango mpana, meza ya kuuzia, na ukuta uliotumiwa kama ubao wa matangazo.

Katika Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta ukutani mwa duka moja la vinywaji bei za divai: sarafu moja ndogo kwa divai ya kawaida, mbili kwa iliyo nzuri zaidi, na nne kwa divai ya Falerno, iliyosifiwa kuliko zote. Katika Roma yenyewe mshairi Martialis anatuonyesha duka la muuza vitabu aitwaye Atrectus, mkabala na uwanja wa Kaisari. Miimo ya mlango wake ilijaa majina ya washairi kutoka juu hadi chini, ili mpita njia ajue kilichomo ndani. Kitabu cha Martialis, kikiwa kimesuguliwa vizuri na kuvikwa vazi la zambarau, kiliuzwa hapo kwa dinari tano.

Jambo la kuangalia ni hili. Mtunzi huyo hakuona aibu kutaja jina la duka na bei ya kazi yake ndani ya shairi lake mwenyewe. Alijua kuwa shairi lisilo na muuzaji hubaki sandukuni.

Duka la Baghdadi

Sasa twende mashariki. Katika karne ya tisa, Baghdadi ulikuwa mji mkuu wa makhalifa wa Banu Abbas, na ndani yake palikuwa na soko la warrakina, yaani watu wa karatasi. Mwandishi al-Yaqubi aliyataja maduka yao kuwa yalizidi mia moja. Warraki hakuwa mchuuzi tu. Aliuza karatasi na wino, alinakili vitabu kwa mkono wake, alivijalidi, na mara nyingi alikuwa mwanachuoni. Husimuliwa kuwa al-Jahiz, mtaalamu mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 868 au 869, alikuwa akiyakodi maduka ya warrakina usiku ili alale humo akisoma, kwa sababu hakuwa na fedha ya kununua kila alichokitamani. Na Ibn al-Nadim, aliyetunga orodha maarufu ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua mwaka 987, alikuwa mtu wa biashara hiyohiyo.

Divai haikuwa na nafasi katika maduka hayo, kwa kuwa dini ya Kiislamu imeikataza. Hata hivyo tutazame kilichoandikwa katika karatasi zenyewe. Sote tunamjua Abunuwasi, yule mjanja wa hekaya ambazo watoto wa pwani na bara wamezisikia kwa vizazi vingi. Wanafunzi wetu hushangaa kuambiwa kuwa Abunuwasi aliishi kweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdadi zama za Harun al-Rashid, akafariki yapata mwaka 814. Umaarufu wake katika fasihi ya Kiarabu haukutokana na vitimbi, bali na mashairi, na miongoni mwa mashairi yake yanayosifiwa sana ni yale ya divai. Wacha Mungu waliyalaumu, wanasarufi wakayasoma kwa ajili ya lugha yake, na wanakili wakayaandika tena na tena hata yakatufikia.

Basi hapo Baghdadi divai na kitabu havikukaa pamoja dukani, bali vilikutana ndani ya ukurasa. Na msomaji aliyeichukia divai aliweza kulisoma shairi lake bila kuonja tone. Kitabu kina uwezo huo wa kumjulisha mtu jambo bila kumtia ndani yake.

Mtambo wa zabibu

Mahali divai na kitabu viliposhikana mikono hasa ni Mainz, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine. Nchi ile ni ya mizabibu tangu enzi za Warumi. Huko, katika miaka ya katikati ya karne ya 15, Johannes Gutenberg alifanikiwa kupiga chapa vitabu kwa herufi za madini zinazopangika na kupangika tena.

Mtambo wake wenyewe haukusalia, lakini wanahistoria wengi wanakubaliana juu ya asili yake. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa Ulaya walikuwa wakikamua zabibu na zeituni kwa mtambo wenye parafujo kubwa ya mti. Mtu husukuma mkono wa mtambo, parafujo ikazunguka na kushuka, na ubao uliofungwa chini yake ukagandamiza matunda. Gutenberg aliuchukua utaratibu huo na kuubadili. Mwenye kukamua zabibu hugandamiza polepole na kwa muda mrefu, apate kutoa maji yote. Mpiga chapa huhitaji kinyume chake: mgandamizo mmoja ulio sawa pande zote, wa haraka, kisha ubao uinuke mara moja ili karatasi isichafuke. Tena alihitaji herufi zilizosubiwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na wino wenye mafuta ambao ungeshika juu ya madini, maana wino wa maji hutiririka.

Biblia yake, yenye mistari 42 katika sehemu kubwa ya kurasa zake, ilikamilika yapata mwaka 1455. Inakisiwa kuwa zilipigwa chapa nakala zipatazo 180, nyingine juu ya karatasi na nyingine juu ya ngozi ya ndama. Lakini kazi ile ilikuwa imekula fedha nyingi. Johann Fust, tajiri wa mji ule, alikuwa amemkopesha Gutenberg gulden 800, kisha 800 nyingine. Mwaka 1455 alimshtaki akidai fedha zake pamoja na riba, jumla gulden 2,026. Gutenberg akashindwa, na Fust akaendelea na biashara pamoja na Peter Schöffer, aliyekuwa fundi wa Gutenberg mwenyewe. Hivi ndivyo uchapaji ulivyoanza: kwa ustadi mkubwa, kwa deni, na kwa kesi.

Mwaka 1465 Askofu Mkuu wa Mainz alimpa mzee Gutenberg cheo cha heshima katika nyumba yake, na posho ya kila mwaka: mavazi, nafaka, na divai ipatayo lita 2,000, bila kutozwa kodi. Sharti lilikuwa kwamba divai hiyo itumike nyumbani kwake, asiiuze wala asiigawe. Mtu aliyegeuza mtambo wa zabibu kuwa mtambo wa vitabu alilipwa uzeeni kwa maji ya zabibu. Alifariki mwaka 1468.

Tuongeze jambo moja dogo. Vitabu vya zama zile vilisafirishwa vikiwa karatasi zisizojalidiwa, na mara nyingi vilipakiwa katika mapipa, kama ilivyopakiwa divai, kwa sababu pipa huviringika na huzuia maji ya mvua. Kwa njia hiyo vitabu vilifika katika gulio la Frankfurt, ambalo hata leo ni mkutano mkubwa wa biashara ya vitabu.

Katika duka dogo la Mainz

Sisi wenyewe tulijaliwa kuutembelea mji huo pamoja na walimu wenzetu wa lugha. Baada ya kuona jinsi mtambo wa Gutenberg ulivyojengwa upya, tuliingia katika duka dogo la divai na vitabu, lisilozidi ukubwa wa darasa letu la kawaida. Mama mwenye duka alitupokea kwa upole. Upande wa kushoto chupa zilikuwa zimelazwa, kila moja na jina la mkulima wake. Upande wa kulia vilikuwapo vitabu alivyovichagua mwenyewe, kimoja kimoja, na vingine alikuwa amevichomekea vikaratasi vya kueleza kwa nini alivipenda.

Mwenzetu mmoja, mtu wa swala tano, alisita mlangoni. Yule mama alipofahamishwa sababu, hakuona haya wala hakuudhika. Alimletea bilauri ya maji ya zabibu yasiyochachuka, na kiti. Ndipo tulipomwuliza swali lililokuwa mioyoni mwetu: kwa nini mambo haya mawili pamoja? Alijibu kwa ufupi kuwa chupa hurudisha fedha yake katika juma moja, ilhali kitabu cha mashairi huweza kumngoja mwenyewe miaka mitatu. Chupa ndiyo ilipayo kodi ya nyumba, na mashairi hukaa humo kama mgeni wa heshima. Mwenzetu wa swala tano ndiye aliyenunua vitabu vingi kuliko sote.

Jibu hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi tulizowahi kuzisikia juu ya uhaba wa vitabu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa unyenyekevu mbele ya wahenga, twasema kuwa kitabu kimetoka katika kanuni hiyo. Hata kiwe kizuri namna gani, hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukitembeza, na mtu huyo anahitaji kula.

Ujasiri wa muuza duka

Mfano wa mwisho twautoa Paris. Mwaka 1919 mwanamke Mmarekani aitwaye Sylvia Beach alifungua huko duka dogo la vitabu vya Kiingereza, akaliita Shakespeare and Company. Mwaka 1921 alilihamishia barabara ya Odéon, mkabala na duka la rafiki yake Adrienne Monnier. Alikuwa akiuza, na kuazimisha pia, kwa wale wasioweza kununua.

Wakati huo James Joyce, mwandishi kutoka Ireland, alikuwa amekosa mchapishaji wa riwaya yake Ulysses. Sehemu zake zilipotokea katika jarida moja la Marekani, wahariri wa jarida hilo walihukumiwa mahakamani mwaka 1921 kwa kosa la kueneza maandishi machafu. Kampuni kubwa ziliogopa. Sylvia Beach, ambaye hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja, alisema atakichapisha yeye. Kilipigwa chapa katika mji wa Dijon, penye mashamba mashuhuri ya divai ya Burgundy, kwa nakala 1,000. Nakala mbili za kwanza zilifika Paris kwa gari moshi tarehe 2 Februari 1922, siku mwandishi alipotimiza miaka 40.

Duka hilo halikutajirika. Mwaka 1936 lilikaribia kufungwa, na waandishi, André Gide akiwa mstari wa mbele, wakaunda chama cha marafiki wa duka, wakilipa ada na kuwasomea wanachama kazi zao. Wajerumani walipoikalia Paris, ofisa mmoja alitaka kununua nakala ya kitabu cha Joyce iliyokuwa dirishani. Mwenye duka akakataa. Alipotishwa kuwa mali yake itachukuliwa, yeye na marafiki waliviondoa vitabu vyote na kuvipandisha ghorofani kwa saa chache, wakafuta hata jina la duka. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1941. Duka halikufunguliwa tena, na mwaka uliofuata mwenyewe alitiwa kizuizini kwa muda wa miezi kama sita. Duka lenye jina hilo lililoko Paris leo ni jingine: lilianzishwa na George Whitman mwaka 1951, na likachukua jina hilo mwaka 1964.

Neno kwa walimu

Je, haya yote yanatuhusu nini sisi wa Uganda na nchi jirani? Yanatuhusu sana. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, maandishi ya kwanza aliyoyatumia kuwafundisha watu kusoma yalikuwa ya Kiswahili, yaliyofasiriwa na kupigwa chapa Unguja chini ya Edward Steere. Baadaye akatumia mtambo mdogo kuchapa Kiganda. Wanafunzi wale waliitwa wasomaji, na kwao kusoma na kusali likawa neno moja. Baada ya miaka michache watu walikuwa wakitoa simbi zao kununua vitabu. Hawakusubiri kugawiwa.

Leo Kiswahili kimetajwa katika katiba ya Uganda tangu mwaka 2005. Lakini mwalimu wa mji mdogo akimaliza somo, na mwanafunzi akamwuliza, "Mwalimu, kitabu kingine cha Kiswahili nitakipata wapi?" mara nyingi hana mlango wa kumwonyesha. Duka la vitabu, likiwapo, huuza vitabu vya mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu nacho kimekwisha.

Hatusemi kwamba kila mmoja wetu afungue duka la divai. Wenye kutaka divai wanajua ilipo. Hata Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana katika miaka ya 1950, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tunasema kwamba kitabu, tangu Roma hadi leo, kimeishi kwa kutafuta jirani mwenye nguvu za biashara, na kwa kupata mwenye duka anayekipenda. Jirani wa divai aliwafaa watu wa nchi ya divai. Kwetu jirani aweza kuwa chai, chumvi, sabuni, daftari, au cherehani ya fundi nguo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Kila tawi la chama lichague mwenye duka mmoja aliye karibu na shule, mtu mwaminifu na mpenda maneno. Tumpelekee vitabu kumi vya Kiswahili, riwaya, mashairi na hekaya, avipange rafu moja mbele ya wateja wake. Asilipe kwanza, alipe kinapouzwa. Kila mwezi mwalimu mmoja apite, ahesabu vilivyobaki, na kuandika kikaratasi kimoja cha kusifu kitabu ambacho bado hakijapata mtu. Kikikaa miaka mitatu, kikae. Kimelipiwa kodi na sabuni.